Shimo la Mshazari

3 Juni

Tumefika. Lori limekwama mara mbili kwenye mchanga wa kijito, na Shemeji ametapika, kisha akausingizia moshi wa gari. Huyu Shemeji ni mdogo wake mke wangu na ndiye msaidizi wangu kwenye mashine. Nilimchukua kwa sababu dada yake aliniambia waziwazi kwamba nisipompa kazi, nijipikie mwenyewe.

Kambi ni mahema, jiko la mabati, na banda refu la kuwekea mawe lililojengwa na watu waliotutangulia. Kilima chenyewe hakina sura. Kina kutu begani na vichaka vya miiba, na ningekipita kwa gari nisingegeuza shingo.

Daftari amenipa binti yangu. "Baba, ukirudi huwa unatusimulia mita tu. Safari hii andika na watu." Haya mwanangu, naandika na watu, na wa kwanza ni mimi. Mimi ni mchorongaji. Nashusha bomba lenye meno ya almasi, linasaga ardhi kwa kuzunguka, na likipanda linakuja na mwamba tumboni, mche mviringo unene wa mpini wa jembe. Wenzangu wananiita Upepo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunipita kwa mita za zamu moja. Sijalikataa hilo jina.

5 Juni

Mjiolojia amewasili. Mama mfupi, mvi kibao, kofia imechoka kuliko yeye, na lenzi ya kutazamia mawe inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Nilipomwamkia akaitikia vizuri, halafu akasema, "Kumbe Upepo ndiyo wewe. Sifa zako zimenifikia. Hapa itabidi tuzifungie sandukuni."

Sijampenda. Shemeji ameshambatiza: Mama Lenzi.

6 Juni

Maji ya kuoga hayajafika. Mpishi anasema yatafika. Mpishi ni mtu wa imani.

9 Juni

Leo Mama Lenzi amenitembeza kilimani. Nilikwenda shingo upande, nimerudi na mengi kichwani.

Waliofika mwanzo kabisa, anasema, hawakuwa na mashine. Walipita kwenye vijito wakichota mchanga, mfuko hapa, mfuko pale, wakaupeleka kupimwa. Mchanga wa kijito kile kilichotukwamisha ukaonyesha shaba kuliko vyote. Wakapanda nacho. Kila kilipogawanyika wakachota huku na huku, wakafuata mkono wenye shaba zaidi, mpaka wakatokea chini ya jiwe lenye kutu ya kijani. Amenionyesha hilo jiwe. Unaweza kulifunika kwa shuka. Nimeligusa kwa heshima, maana watu wale walilifikia kwa miguu, wakifuata kitu ambacho jicho halikioni.

Waliofuata walikuwa na mashine kama yangu, ya enzi zao. Wakatoboa kilele kizima, mashimo wima, moja baada ya jingine. Wakapata shaba, ila kidogo, ya kutia hamu tu. Molibdenamu karibu hakuna. Wakafunga virago. Mama Lenzi alikuwa nao. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, kazi yake kupanga trei za mawe bandani.

"Molibdenamu yenyewe ni kitu gani?" nikamuuliza.

"Ndiyo inayotiwa kwenye chuma kisikatike. Hayo mabomba yako unayojivunia yasingevumilia bila hiyo."

Miaka yote nimeishika mkononi bila kujua jina lake.

Akanieleza kilima kilivyozaliwa. Mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka chini, ukashindwa kufika juu, ukapoa humo humo ardhini. Ndiyo maana una punje kubwa nyeupe zilizotapakaa ndani ya unga laini. Wataalamu wanauita pofiri. Ulipokuwa unapoa ukatoa mvuke na maji ya moto, kama sufuria inayotokota ikiwa imefunikwa, na mfuniko ukapasuka. Maji yakapita kwenye mipasuko, yakaacha humo mzigo wake wa shaba na molibdenamu. Mvua za miaka isiyosemeka zikala paa lote, na sisi leo tunatembea juu ya kilichobaki.

Aliyasema haya akiwa ameketi juu ya jiwe, anakula karanga. Mimi nilisahau kuketi.

10 Juni

Jana sikumaliza. Baada ya kilimani alinipeleka bandani, kwenye trei za zamani. Sisi wachorongaji mwamba ukisagika ukapotea tunaweka kipande cha mbao kwenye trei mahali pa pengo, kuonyesha kwamba hapa hakijapatikana kitu. Ni jambo la kila siku, hakuna anayelitazama mara mbili. Mama Lenzi anazitazama mbao hizo kuliko mawe.

"Angalia jiwe lililo kabla ya pengo," akasema. "Lina ufa unaokwenda kwa urefu. Na hili la baada ya pengo, vilevile. Mipasuko ya kilima hiki imesimama wima, na wao wakatoboa wima. Wakapishana nayo kama watu kwenye korido. Na pale walipogusana nayo, kitu laini kilichokuwa ndani kikasagika, kikaenda na maji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kilichopotea ndicho tunachokitafuta."

Nikamtazama vizuri nione kama anatania. Hatanii. Anataka shimo la mshazari, lililolala, liikate mipasuko badala ya kuteremka nayo. Meneja wa kampuni amemkubalia shimo moja tu. Kibali kinaisha na msimu huu. Likitoka tupu, kampuni inarudisha kilima serikalini na haigeuki nyuma tena.

Ujana wake wote, basi, umening'inia kwenye vipande vya mbao vinavyosema hakuna kitu. Namwonea huruma kidogo, na mashine yangu pia, maana shimo la mshazari linaitesa.

18 Juni

Tumeanza. Mashine imelala kama mtu anayeumwa mgongo.

21 Juni

Vumbi.

27 Juni

Nimeshuka vizuri leo. Mama Lenzi akaja, akasikiliza injini, akasema, "Punguza." Nikapunguza. Alipoondoka nikaongeza. Akarudi. Sijui huyu mama ana masikio mangapi.

2 Julai

Ugomvi bandani. Shemeji husugua mawe kwa brashi ya waya mpaka yanang'aa, halafu anayapanga kama vyombo kabatini. Kwenye kazi zetu zilizopita alisifiwa sana kwa hilo, picha zinatoka safi. Leo Mama Lenzi amemnyang'anya brashi.

"Unaosha sahani wewe? Ninachokitaka kinatoka kwa kidole, sembuse kwa waya! Mwagia maji kidogo, basi."

Shemeji amenuna mpaka chakula cha jioni. Akaniambia, "Bwana Shemeji, mimi nimesoma na watu wa haya mambo, hakuna aliyewahi kulalamikia usafi." Nikamwambia alale.

12 Julai

Leo nimeshangaa, na naandika nikiwa bado nimeshangaa. Mwanzoni mwa wiki Mama Lenzi aliketi na trei zetu, akawa analamba jiwe (ukililowesha linaonyesha rangi), anatia lenzi, anaandika, analamba tena. Kisha akaniambia: "Sasa hivi uko kwenye mwamba wa kijani kibichi. Utatoka humo utaingia kwenye wa njano unaonuka kiberiti, umejaa vitu vinavyometa. Ndipo utafika kwenye pofiri yenyewe."

Leo asubuhi bomba limepanda na mwamba wa njano, unanuka kiberiti, unameta. Shemeji alipoona ule mmeto akapiga yowe kwamba ni dhahabu, akanikumbatia, akaniita tajiri. Mpishi akatoka mbio na mwiko mkononi. Mama Lenzi hakumcheka. Alimketisha, akampa lenzi, akamwonyesha chuma na kiberiti vilivyoshikana. "Hata mimi mara ya kwanza nilimwandikia mama yangu barua," akasema. Tangu hapo Shemeji amesamehe habari za brashi.

Nami nimebaki na swali. Anajuaje? Hajawahi kuingia mle. Amekaa juu ya ngozi ya ardhi na anajua nyama iliyo ndani imepangwaje.

13 Julai

Nimemuuliza. Anasema kilima cha aina hii kimejipanga kwa duara, moja ndani ya jingine, na ukijua uko kwenye duara gani unajua linalofuata. "Si uchawi, Upepo. Ni kutembea sana."

22 Julai

Nimepanda juu kutafuta mtandao, nikaongea na nyumbani. Mke wangu akasikiliza, kisha akasema, "Nimehesabu sifa za huyo mama, zangu za mwaka mzima hazifiki nusu." Nikamwambia yeye ni mke, huyu ni mzigo wa kazini. Akasema, "Mzigo gani unaousifia hivyo?" Tumecheka. Wote hawajambo.

4 Agosti

Upepo usiku kucha, hema limekuwa bendera. Mita chache.

13 Agosti

Mama Lenzi amekwenda mjini kupeleka sampuli. Kabla ya kupanda gari akanishika mkono. "Umekaribia pofiri. Ukihisi tu mwamba umebadilika, punguza mwendo, punguza maji, toa kipande kifupi kifupi. Usinisubiri, lakini usikimbie." Nikamwambia aende kwa amani.

Meneja anakuja keshokutwa.

15 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye upumbavu.

Jana nilikuwa na siku nzuri. Injini inaimba, vyuma vinashuka, Shemeji anaongeza mabomba bila kuambiwa. Nikajua Meneja atafika leo, na moyoni nikataka aone kwamba hata kwa mshazari, hata kwenye mwamba mgumu, Upepo ni Upepo. Mchana mkononi nikahisi mtetemo umebadilika. Nilihisi kabisa, sitajidanganya. Kishindo kikawa laini, kisha kikarudi, kisha kikawa laini tena. Nikajiambia ni kidogo tu, nitapunguza mbele. Mbele nikasahau, au nilijisahaulisha.

Tulipovuta bomba lilikuwa karibu tupu. Badala ya mche mrefu vikatoka vigae, vimesagika pembe, vimelowa. Tukashusha tena, vigae tena. Shemeji akanitazama. Akachukua vipande vya mbao, akaviweka kwenye trei. Pengo lilikuwa refu, mbao zake hazina haya.

Mama Lenzi na Meneja wamefika leo kwa gari moja. Meneja ni mtu mpole, shati limenyooka, na hajui kusema uongo, nacho ndicho kilichoniumiza. Alitazama trei akasema, "Mama, hapa hakuna kitu." Mama Lenzi alishika vigae kimoja kimoja. Alipomaliza akanigeukia.

"Ulihisi?"

"Nilihisi, Mama."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea."

Angenitukana ningepumua. Hakunitukana. Alisema, "Miaka yote hii nimewalaumu wachorongaji wa zamani bila kuwajua. Sasa nimemjua mmoja." Akaondoka na kofia yake. Nimekaa kwenye mashine hadi chai imepoa.

16 Agosti

Nimempigia mke wangu. Nilitaka anipoze. Akasema, "Umekosa, umekosa. Nenda kamwombe radhi. Unanipigia mimi nikufanyie nini?" Simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa mkono wake.

Nilimkuta Mama Lenzi kwenye bwawa la tope, shimo dogo tulilochimba pembeni ya mashine ambako maji yanayorudi kutoka ardhini yanatua. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, mikono ndani mpaka kwenye viwiko. Nilianza, "Mama, nimekuja kukuomba..." Akanikatiza.

"Lete mkono."

Akanipaka. Kiganja changu kikawa na rangi ya risasi, kinateleza, kinang'aa kijivu cha buluu. Nikakisugua kwenye suruali, hakikutoka. Nikautazama uso wa maji: utando mzima ulikuwa unang'aa hivyo hivyo.

"Ndiyo molibdenamu yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Umeisaga yote ukaimwaga hapa." Halafu akaanza kucheka, mama wa watu, tope mpaka kifuani, akacheka mpaka lenzi ikamruka shingoni. "Ipo, Upepo! Ipo! Nilijua ipo!"

Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo juu ya hasara aliyotiwa na mtu mwingine. Nilimwomba radhi akiwa bado anacheka. Akasema ameshanisamehe tangu alipoingiza mkono, ila nisimwambie mtu, maana anataka nijute kidogo.

17 Agosti

Meneja ametia kidole kwenye tope, akakitazama, akashusha pumzi. "Mama, mimi nakuamini. Lakini tope limechanganyika, haliniambii limetoka wapi wala ni kiasi gani. Siwezi kupeleka tope kwa wakubwa. Nipe jiwe." Na kweli, hakusema uongo hapo pia.

Wamekubaliana hivi: lori litakuja kuichukua mashine kabla mvua hazijafunga kijito. Mpaka siku hiyo, tufanye tuwezalo.

Tutaweka kabari. Ni kipande kirefu cha chuma kilichochongwa mshazari. Unakishusha shimoni mpaka juu kidogo ya mahali palipoharibika, unakikaza, na meno ya bomba yakikigusa yanasukumwa pembeni. Njia mpya inatokea ubavuni mwa ile ya zamani, inapita kwenye mwamba uleule ambao haujaguswa. Nimewahi kuifanya kazi hiyo nikiwa msaidizi. Nilimwambia naiweza. Roho ilikuwa juu nilipokuwa nasema.

26 Agosti

Kabari imefika. Shemeji anaiita Bwana Harusi kwa jinsi tunavyoibeba.

30 Agosti

Kabari imezunguka ilipokuwa inakazwa, imetazama upande usiotakiwa. Imeng'ang'ania huko. Siku nzima tumeivuta. Sina la kuandika ambalo binti yangu anaruhusiwa kusoma.

3 Septemba

Bado. Mawingu ya kwanza, mbali, membamba.

5 Septemba

Imetoka! Mpishi amekaanga mayai yote.

8 Septemba

Nilipokuwa naisafisha kabari, Mama Lenzi alikuja akaketi na kiti chake cha kukunja. Nikamuuliza kwa nini hakukata tamaa zamani. Wakubwa wake wa kwanza walimwambia anyamaze. Waliofuata walimpa vilima vingine, na anasema alivifanyia kazi vizuri, vingine vimekuwa migodi. Lakini kila likizo alikuwa anapita hapa, analipa mlinzi afungue banda, anakaa na trei.

"Mume wangu alikuwa anasema nina mwanamume mwingine huku," akasema. "Siku moja nikamleta. Akatazama zile mbao, akatazama kilima, akasema, afadhali ingekuwa mwanamume."

Amecheka, kisha akafuta macho. Mumewe ni marehemu. Nikasema pole, nikaendelea kusugua chuma. Nilimchukia huyu mama mwezi wa sita. Sasa naomba tu mikono yangu isimwangushe.

12 Septemba

Kabari imekaa. Tumepima, imetazama inakotakiwa. Sikupiga kelele mpaka nilipofika hemani.

15 Septemba

Mawingu yanakuja kila alasiri, yanakaa juu ya kilima, yanaondoka. Meneja ametuma ujumbe kwamba lori liko njiani. Tunashuka polepole. Naandika neno hilo mwenyewe.

18 Septemba

Leo.

Asubuhi kulikuwa na ukungu na mashine ilikuwa inatoa jasho. Nilijua tumekaribia, nikamwita Mama Lenzi. Alisimama nyuma yangu, hakusema "punguza" hata mara moja. Nilikuwa nimeshapunguza maji mpaka Shemeji akaogopa meno yataungua. Tope la kuchorongea tulilifanya zito, liubembeleze mwamba badala ya kuuosha. Nikasubiri ule mtetemo.

Ukaja. Kishindo kikalainika mkononi mwangu kama nilivyokihisi siku ile. Nikashusha mwendo mpaka injini ikawa inanung'unika tu. Kidogo. Kidogo. Shemeji anahesabu kwa midomo. Nilitoa kipande kifupi kuliko chochote nilichowahi kutoa maishani, na mtu yeyote wa kazi yetu angekiona angenivua jina.

Tukavuta. Shemeji akalilaza bomba kwenye meza, akaligongagonga kwa nyundo ya mpira kwa upole mpaka mche ukateleza ukatoka. Ulikuwa mzima. Mwamba wa punje nyeupe, na katikati yake, umekatiza kutoka ukingo hadi ukingo, mshipa mpana kuliko kidole gumba, wa kijivu cha buluu, unang'aa. Kando ya mshipa kulikuwa na vidoa vya shaba, vya manjano iliyoiva, vimejaa kama mbegu. Kipande kilichofuata kilikuwa na mshipa mwingine, na baada yake mwingine. Shemeji alishika brashi kwa mazoea, akaitazama, akaitupa kule vichakani.

Mama Lenzi hakuligusa jiwe kwa muda. Alilitazama tu. Kisha akainama, akaliwekea kiganja juu yake, kama unavyomwekea mtoto mwenye homa, akasema taratibu, "Shikamoo."

Mpishi alikuwa analia. Nilimwuliza analia nini, akasema hajui. Mimi nilijua nilichokuwa nalilia.

21 Septemba

Meneja amekuja na lori. Amepita kwenye trei zote, shati limechafuka na hajali. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Ndipo akasema, "Mama, nimekwishawapigia wakubwa. Kibali tunakiomba upya. Msimu ujao tunaleta mashine tatu, zote mshazari." Akampa mkono wa pongezi, akaona haumtoshi, akamkumbatia.

Tulishangilia. Nilikuwa wa kwanza kusema, "Mama, msimu ujao basi nitakuwa nakusikiliza tangu siku ya kwanza!"

Meneja akatazama chini. Mama Lenzi akasema, kama mtu anayetaja siku ya soko, "Mimi sitakuwepo. Mwisho wa mwezi huu nastaafu. Barua ninayo tangu Mei."

"Na mgodi je?" nikauliza.

"Mgodi, ukijaliwa, utafunguliwa mkiwa wazee. Mashimo mangapi bado, vipimo, barabara, vibali. Haya mambo yana umri mrefu kuliko watu."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia si haki. Ametembea kilima hiki tangu usichana, amekilia, amekichekea, halafu waje vijana na viatu vipya wakikute kimeshafunguliwa mlango. Akanisikiliza mpaka nilipomaliza. "Waje," akasema. "Nami nilipokuja mlango ulikuwa umefunguliwa na watu waliochota mchanga. Wewe baki. Anayekuja mwambie pa kwenda polepole."

Meneja amesema tunaweza kuchoronga mpaka kesho jioni, kisha mashine ipakiwe.

22 Septemba

Mvua imekaa juu yetu tangu asubuhi, haijaamua. Lori limeshageuzwa, limetazama kijito. Kipande cha mwisho kilibaki, na ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Kwetu sisi mjiolojia haigusi mikono ya mashine. Yeye ana nyundo yake, sisi tuna levya zetu, vishikio vya kuendeshea, na kila mmoja anajua mpaka. Nilizima mwendo, nikateremka kutoka kwenye kiti, nikasema, "Mama, panda."

Akadhani kuna kitu kimeharibika. "Panda," nikasema tena. "Mita ya mwisho ni yako."

Shemeji alinitazama kama nimeuza nyumba. Mama Lenzi alivua kofia, akaivaa, akaivua. Akapanda. Miguu yake haikufika chini vizuri, nikamwekea boksi tupu. Nikaishika mikono yake, nikaiweka kwenye levya, nikamwonyesha ya kushusha na ya kuzuia, nikasogea pembeni.

Injini ikanguruma. Akashtuka. "Kumbe inatetemeka hivi!"

"Ndiyo. Sikiliza kwa mikono, si kwa masikio."

Matone ya kwanza yalianza kupiga bati la mashine. Hakuyasikia. Alikuwa amefumba macho, mvi zimemgandia usoni, midomo inacheza. Alishusha ovyo mwanzoni, mashine ikapiga chafya, akaomba radhi kwa mashine. Kisha mikono ikatulia. Meneja alikuwa amesimama chini ya mwavuli, ameacha kutazama saa.

Muda kidogo ukapita. Nami, nikiwa nimeegemea ubavu wa mashine, nikahisi chuma kimebadilika mgongoni mwangu. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Hapa pamelainika," akasema, macho bado yamefumba, na mkono wake wenyewe ukapunguza.